Bei ya Kesho Haiko Mkononi mwa Dalali
Nasaha kwa wanaotaka kuuza nyumba za Pwani wakanunue viwanja Kitengela na Kajiado

Alhamdulillahi Rabbil-Alamin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu za baada ya Magharibi tumeulizwa mara nyingi suala moja kwa namna mbali mbali. Wako wanaouliza: Je, yajuzu kwa Mwislamu kuyategemea maneno ya wajuzi wa biashara wasemao kwamba bei ya viwanja na nyumba itafika kiasi kadha baada ya miaka kadha? Na wako wanaouliza kwa uwazi zaidi: Tuna nyumba ya urithi hapa mjini. Dalali atwambia tuiuze, na fedha zake tununue viwanja Kitengela, au mbele ya hapo katika nchi ya Kajiado, kwani huko bei hupanda kila mwaka wala haishuki. Je, tufanye?

Tumeonelea kuwa ni wajibu wetu kulijibu suala hili katika kijarida chetu ili jawabu lienee. Si suala la fedha peke yake. Ndani yake mna itikadi, mna mirathi, mna haki za mayatima, na mna zaka.

Jambo la kwanza ni la itikadi. Mwenyezi Mungu ametujulisha mwisho wa Suratu Luqman kwamba hapana nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala hapana nafsi ijuayo itafia katika ardhi gani. Tazameni jinsi mambo mawili haya yalivyowekwa pamoja, chumo la kesho na ardhi. Mtu hununua ardhi ili achume kesho, naye hajui atachuma nini, wala hajui ardhi atakayolazwa ndani yake ni ipi. Na imepokewa kwa Anas bin Malik, katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba bei zilipanda Madina katika zama za Mtume (S.A.W.), watu wakamtaka awapangie bei. Akawajibu kuwa mpangaji wa bei ni Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye anayebana na kukunjua na kuruzuku. Na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hapana mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Basi hadithi hii ina mafunzo mawili: kwamba bei haiko mkononi mwa mja, na kwamba dhuluma katika mali ni deni litakalodaiwa Akhera. Tutarejea kwa hilo la pili.

Lakini asifahamu mtu kuwa sisi twakataza kukadiria. Nabii Yusuf (A.S.) aliwapangia watu wa Misri akiba ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Mkulima hutazama mawingu kabla ya kupanda. Nahodha asemaye kwamba kaskazi itaingia mwezi wa Disemba hakudai kujua ghaibu. Asema kwa mujibu wa ada aliyoijaalia Mwenyezi Mungu katika pepo. Lakini nahodha huyo huyo akikwambia kuwa jahazi yake itatia nanga siku fulani saa fulani bila ya shaka yoyote, naye akakutaka uuze nyumba yako kwa neno hilo, huyo ameuvuka mpaka. Kadirio la halali hutaja sababu yake, hutaja yanayoweza kulivunja, na hukiri kuwa ni dhana. Kinachokatazwa ni kuifanya dhana kuwa yakini, kisha kuwauzia watu. Yule apigaye ramli hutazama mchanga wake, na huyu hutazama karatasi yake ya hesabu. Wakishasema wote wawili kwamba la kesho wamelijua, hatuoni tofauti kubwa baina yao.

Jambo la pili ni kuijua hali yenyewe, kwani maulamaa husema kuwa hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu hicho. Wengi wetu hatuijui Kitengela ila kwa kupita. Msafiri atokaye Mombasa kwa njia kuu afikapo Athi River, karibu ya Nairobi, huiona njia nyingine ikitoka mkono wa kushoto kwenda Namanga, mpakani mwa Tanzania. Mwendo mfupi katika njia hiyo ndipo palipo mji wa Kitengela, na mbele yake Isinya, na mbele zaidi mji wenyewe wa Kajiado.

Nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wamasai kutoka malisho yao ya kaskazini, ikawasukuma kusini, na Kajiado ni katika nchi hiyo ya kusini. Baada ya uhuru, sheria ya 1968 iliwafanya wafugaji kuwa na ardhi kwa makundi. Kisha katika miaka ya 1980 makundi mengi, na la Kitengela likiwamo, yakagawanya ardhi yao, kila mtu akapewa fungu lake na hatimiliki yake. Ardhi yenye hatimiliki ya mtu mmoja huuzika kwa urahisi, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ikaja sheria ya 1990 ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nchi za nje, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River. Wafanya kazi wakataka vyumba vya kulala. Nairobi nayo viwanja vikawashinda watu wa mshahara, wakatoka kutafuta nje ya mji. Kwa hesabu ya watu ya 1999, Kajiado nzima ilikuwa na watu 406,054. Katika 2009 wakawa 687,312. Na katika 2019 wakawa 1,117,840, na katika hao zaidi ya 150,000 ni wa mji wa Kitengela peke yake.

Basi bei ya Kitengela haikupanda kwa muujiza. Imepandishwa na sababu: njia, viwanda, hatimiliki, na wingi wa watu. Na kila kitu chenye sababu, sababu zake zikigeuka nacho hugeuka. Asemaye kuwa bei huko haishuki na atwambie: Je, maji yapo? Shida ya maji katika mji ule ni jambo mashuhuri, na watu wengi hununua maji ya malori. Je, udongo wauonaje? Sehemu nyingi ni udongo mweusi, unaofura kwa mvua na kupasuka kwa jua, na msingi wa nyumba juu yake una gharama kubwa. Katika masika ya 2024 mafuriko yaliufikia mji huo pia. Na zaidi ya hayo yote, je, ardhi ya huko ina mwisho? Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji, hakiongezeki hata shibiri moja. Ama Kajiado ni zaidi ya kilomita za mraba 21,000. Kitengela ikiwa ghali, wanunuzi husonga Isinya. Isinya ikiwa ghali, husonga mbele. Na kila mwaka hukatwa viwanja vipya. Kitu kinachoweza kuzidishwa namna hiyo, hapana aliyekiwekea dhamana kwamba bei yake itapanda daima.

Na wala tusidhani kuwa haya ni ya Kajiado tu. Marekani bei za nyumba zilipanda mpaka 2006, na mabenki makubwa yakakopesha kwa dhana kwamba haziwezi kushuka nchi nzima kwa pamoja. Zikashuka, na mwezi wa Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikafilisika pamoja na wataalamu wake wote. Dubai, ambako jamaa zetu wengi wanafanya kazi, bei za nyumba baada ya 2008 zilianguka karibu nusu, na hali mwaka mmoja kabla yake watu walikuwa wakipanga foleni kununua nyumba ambazo hazijajengwa bado. Na hapa petu, wazee waliouza mashamba ya Nyali na Kisauni kwa bei ya nazi hawakujua kuwa daraja la 1980 litaufanya upande ule wa maji kuwa ghali namna tuionayo. Wale waliahidiwa faida wakaona khasara, na hawa walikuwa juu ya faida wakaiuza kwa rahisi. Wote wawili kesho iliwafichika.

Jambo la tatu: ni nani aliyeileta khabari hii ya bei? Umma wetu ni umma wa isnadi. Hatupokei hadithi mpaka tumjue mpokezi: ni mkweli au mwongo, ni mwenye hifdhi au msahaulifu, ana haja yake katika hiyo khabari au hana. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat kwamba akitujia fasiki na khabari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi iweje tuchunguze khabari ya udhu na swala, na khabari itakayomtoa mama mjane katika nyumba yake tuipokee kwa dalali mwenye kulipwa kwa kila kiwanja anachokiuza? Mwenye kuuza kiwanja akikwambia bei itapanda, huyo ni shahidi anayejishuhudilia nafsi yake. Tena tofautisheni baina ya bei inayotajwa na bei inayolipwa. Ubao ulio kando ya njia hutaja bei. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu fulani alimhesabia mwenziwe fedha. Na ikiwa wauzaji wamepanga watu wao wajifanye wanunuzi ili wengine wahimizike, hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (S.A.W.), ingawa leo imevaa nguo nyingine.

Na hata pale bei inapopanda kwa kweli, pigeni hesabu vizuri. Tuseme vitu vyote nchini vyapanda sita kwa mia kila mwaka. Baada ya miaka kumi na miwili kiwanja cha shilingi milioni moja kitauzwa karibu ya milioni mbili, na mwenyewe atafurahi. Kumbe milioni mbili hizo zanunua kile kile kilichokuwa kikinunuliwa na milioni moja. Hakupata kitu. Na ikiwa aliuza nyumba iliyokuwa ikimpa kodi ya shilingi 15,000 kwa mwezi, basi katika miaka hiyo amepoteza kodi ya zaidi ya milioni mbili, na kiwanja kitupu hakikumpa hata debe la mahindi. Hesabu hii dalali haifanyi.

Jambo la nne, nalo ndilo lililotusukuma kuandika, ni nyumba za mirathi. Katika kaida za fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi kwa shaka. Nyumba ambayo watoto wanalala ndani yake leo ni yakini. Bei ya kiwanja ya 2035 ni shaka. Haifai kuiondoa ya kwanza kwa ajili ya pili ila kwa haja ya kweli na kwa ridhaa ya kila mwenye haki.

Na ridhaa hiyo iko wapi? Tunaona nyumba aliyoiacha marehemu haijagawiwa miaka ishirini. Kaka mkubwa ndiye mwenye funguo, ndiye mwenye karatasi, na ndiye anayesema na dalali. Dada zake huambiwa watie sahihi, tena huambiwa usiku, na asiyetia huitwa mvunja udugu. Mwanamke yule ana fungu alilopewa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa kwa hesabu iliyowazi; si zawadi ya kaka yake. Kumtoa katika nyumba kwa ahadi ya faida ya Kitengela bila ya radhi yake ni kula mali ya mtu kwa batili. Na akiwamo yatima, jambo ni zito zaidi. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul An'am na katika Suratul Israa kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, mpaka afike utu uzima wake. Msimamizi anayeuza paa la yatima akanunua dhana hakuifuata njia iliyo bora, hata kama moyoni alitaka kheri. Ama nyumba ya wakfu haiuzwi kwa faida ya Kitengela wala ya Nairobi, na kwa hilo hatuhitaji maneno mengi. Na imepokewa katika Ibn Majah kwamba auzaye nyumba au ardhi asiitie thamani yake katika mfano wake hatabarikiwa. Maulamaa wamesema juu ya isnadi yake, lakini maana yake tumeishuhudia katika mitaa yetu kwa macho.

Jambo la tano ni haki za wale ambao ardhi inatoka kwao. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye misafara na kuwanunulia bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei, na akampa muuzaji khiari ya kuivunja biashara afikapo sokoni. Haya yatuhusu. Mzee wa Kimasai aliye ndani ya Kajiado, mbali na njia, ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa ukame na ana mgonjwa hospitali, haijui bei ya soko. Anayemwendea kwa siri akachukua eka zake kwa robo ya thamani, kisha akazikata viwanja na kuvitangaza kwa bei ya mjini, amekifanya kile kile kilichokatazwa. Kuwa yule mzee si Mwislamu hakuhalalishi dhuluma; dhuluma ni haramu kwa kila mtu, na mwenye kudhulumu ardhi kiasi cha shibiri atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim. Na sisi watu wa Pwani tulio na kilio cha mashamba yaliyoandikwa kwa majina ya wengine baada ya sheria ya hatimiliki ya 1908, hatufai kuwa wepesi wa kuwatenda wenzetu tuliyotendwa.

Kwa hiyo mnunuzi asitazame kesho kabla ya kuitazama leo. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na akakataza biashara ya gharari. Je, muuzaji ndiye mwenye ardhi? Aende mnunuzi mwenyewe ofisi ya ardhi akatazame daftari, amchukue mpima ardhi akaone mawe ya mipaka, ahakikishe kwamba idhini ya bodi ya ardhi imepatikana ikiwa ni ardhi ya kilimo, na kwamba mke wa muuzaji na watoto wake wanaijua biashara. Mwezi wa Oktoba 2023, huko Mavoko, jirani ya Kitengela, zilibomolewa nyumba za watu wengi juu ya ardhi ambayo mahakama ilihukumu kuwa ni mali ya kiwanda cha saruji. Katika hao walikuwamo walionunua, wakajenga, wakahamia. Hapana kadirio la bei lililowafaa siku hiyo, maana walikosea katika leo yao, si katika kesho yao.

Jambo la sita ni zaka, na hapa ndipo ulimi na moyo hukhitilafiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyenunua kiwanja kwa nia ya kukaa au kujengea aila yake hana zaka juu yake. Lakini aliyekinunua kwa nia ya kukiuza kwa faida, hiyo ni bidhaa ya biashara. Kila mwaka ukitimia atakikadiria kwa bei ya soko ya siku hiyo, na ikifika nisabu atoe mbili na nusu kwa mia. Tuseme alinunua kwa shilingi 800,000, na leo chauzika kwa 1,200,000. Zaka yake ni shilingi 30,000, ijapokuwa hajauza. Na Wamaliki wana kauli kwamba mwenye kungojea soko atoe zaka ya mwaka mmoja atakapouza. Mwenye dhiki ya kweli na awaulize maulamaa. Tunamsema yule ambaye barazani kiwanja chake ni cha milioni mbili, na Ramadhani ikifika akiulizwa zaka husema kile ni kichaka tu, kina fisi. Kama wayaamini makadirio yako, yaamini na haki ya maskini inapofika.

Na wala asikope mtu kwa riba ili awahi bei. Kwa bei asiyoijua amejifunga deni analolijua, na amejitangazia vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake kama ilivyo katika Suratul Baqara. Tangu 2008 yako nchini Kenya mabenki yanayofanya kazi kwa njia isiyokuwa ya riba. Basi asitoe mtu udhuru wa dharura kabla ya kuyaendea, na ayaulize mikataba yao vile vile, kwani jina peke yake halihalalishi kitu.

Jawabu letu basi ni hili. Mwenye fedha zilizozidi haja zake, zilizo safi, asizodaiwa, akataka kununua kiwanja Kitengela au Kajiado kwa njia za haki, baada ya kuchunguza na kushauriana na kuswali istikhara, na anunue. Hiyo ni biashara katika biashara, na riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Akipata ashukuru na atoe haki yake. Akikosa asitafute mchawi. Ama kuiuza nyumba wanayokaa watu, yenye fungu la dada na fungu la yatima, kwa sababu mtu fulani amesema bei haishuki, hilo hatuliruhusu, na aliyekwisha kutia sahihi bila ya ridhaa za wenziwe na arejee kwao kabla fedha hazijatumika. Na vijana wetu wanaotaka kuoa nao wakumbukwe: bei ya nyumba inayomfurahisha mwenye kiwanja ndiyo hiyo hiyo inayomweka kijana bila ya chumba. Si kila kupanda ni baraka kwa umma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atuepushe na tamaa, na atuwezeshe kuwapa wenye haki haki zao kabla ya siku ambayo shamba wala nyumba havitamfaa mtu. Amin.

Wallahu aalam.